YULE MCHEKESHAJI MLIYESEMA KAFULIA, YUKO MOA NA KISAMAKI CHAKE CHA PLASTIKI

Wadau wa mitandaoni mna maneno nyie. Jamaa hajaposti kitu tangu Novemba, na kila wiki mnampa msiba mpya. Mara kakamatwa uwanja wa ndege na mzigo, mara yuko Oman anachunga ngamia, mara karogwa na mzazi mwenzie. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu mwenyewe kaomba lisitajwe, ila ukiambiwa ni yule wa klipu za konda wa daladala anayedai nauli kwa mashairi, basi ushamjua.

Yuko Moa. Anavua samaki.

Kwa wale ambao Tanga yao inaishia Raskazone, Moa ni kijiji cha pwani wilaya ya Mkinga, juu kabisa karibu na mpaka wa Kenya. Unatoka Tanga mjini kwa lami ya Horohoro, unashuka njiani, unamalizia na bodaboda mpaka harufu ya tope la mikoko ikupokee. Wenyeji ni Wadigo na Wasegeju. Vanga ya Kenya ni jirani kiasi kwamba simu ikizubaa inadaka mtandao wa kule na kukutumia ujumbe wa kukukaribisha nchini. Kina mama wanalima mwani, kina baba wanatoka na ngalawa, vijana wengi wanaondoka. Huyu karudi.

Kurudi kwenyewe hakukuwa kwa kishujaa. Kampuni iliyokuwa inamlipa kwa matangazo ilimwacha bila hata kumpigia simu, kodi ya nyumba ikafika milioni moja na nusu, na kuna mtoto wa miaka mitatu kwa mama yake Mbagala. Akauza kamera, akauza taa, akauza kile kiti cha kuzunguka mlichokuwa mnakiona nyuma yake. Kitu kimoja hakikupata mteja: fimbo ya kuvulia na rili yake, pamoja na kisanduku cha rapala kumi na moja. Alivinunua enzi za pesa ili atengeneze video moja ya Kigamboni, na video yenyewe hakuimaliza. Basi akapanda basi na fimbo, maana mpokeaji alikuwa mjomba wake, mdogo wa mama yake, na mjomba ni mvuvi.

Rapala, kwa msiojua, ndiyo jina la mtaani pwani nzima kwa kile kisamaki cha bandia chenye ndoana tumboni. Unakirusha, unakivuta, kinacheza majini kama samaki mgonjwa, na samaki mkubwa akikiona anadhani kapata chakula cha bure. Jina ni la mtu. Lauri Rapala alikuwa mvuvi maskini wa Finland, na mwaka 1936 alichonga cha kwanza kwa kisu kutoka kwenye koki, akakifunika kwa karatasi ya kung'aa ya kufungia chokoleti, kisha akayeyusha negativu za picha apate rangi ya kukizuia kisilowe. Huyo ndiye mwenye jina linaloandikwa leo kwenye vitu vya bei mbaya madukani. Alianza na takataka.

Mjomba alipokiona kisanduku alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa mjomba, samaki huyu wa plastiki, akivua yeye utakula wewe?"

Kuna jambo la kueleza kuhusu mjomba mapema. Mkono wake wa kushoto unaishia kwenye kifundo. Moa hakuna anayeuliza na hakuna asiyejua. Ni baruti, zamani, alipokuwa kijana na pesa ya haraka ilikuwa inalipuka kila asubuhi pwani ya Tanga. Uvuvi wa mabomu umepigwa marufuku Tanzania tangu miaka ya 1970, na bado kwa miaka mingi mtu aliweza kunywa chai ufukweni huku anahesabu milio. Tangu misako mikubwa ya mwaka 2016 hadi 2018 imepungua sana, lakini mkono haukurudi. Mjomba anavua kwa mkono mmoja. Anarambaza: anaburuta mshipi nyuma ya ngalawa inayokwenda kwa tanga, na mshipi ameuzungusha kwenye dole gumba la mguu. Samaki akipiga, mguu ndio unapata habari. Na kwenye ndoana yake, cheka usicheke, hakuna chambo chochote cha kuliwa. Ni manyoya meupe ya jogoo yaliyofungwa kwa uzi. Kwa hiyo mzee aliyecheka samaki wa plastiki amekula maisha yake yote kwa manyoya ya kuku. Jamaa alimwambia hivyo. Mjomba akasema manyoya angalau yana asili ya uhai.

Wiki tatu za mwanzo jamaa hakupata hata kibua. Alikuwa anaamka saa mbili, anatembea ufukweni na miwani ya jua, anarusha anapopaona pazuri kwa picha. Akapoteza rapala mbili kwenye matumbawe na moja kwenye mzizi wa mkoko. Zikabaki nane. Watoto wa diko walimpa jina, nalo halifai kuandikwa.

Shida haikuwa rapala. Alikuwa anavua bahari ya aina moja kila siku, wakati bahari ya Moa haikai aina moja hata kwa saa sita. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji yanajaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanakauka saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kati ya kujaa na kupwa kuna zaidi ya mita tatu za maji. Pale ulipoogelea jioni, asubuhi unaokota kaa. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yanasogea kidogo kama mtu asiyetaka kuamka, na saa zenyewe zimegeuka, yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Mtoto wa darasa la tatu wa Moa anayajua haya bila simu. Jamaa, mwenye wafuasi laki mbili, hakuyajua.

Mjomba hakumfundisha kwa kumkalisha. Alimwambia tu jioni moja ya bamvua, "Leo usiende ulikozoea. Nenda mlango wa hori, kaa kimya, usirushe mpaka uone jani linakwenda baharini."

Hori ni ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya mikoko. Maji yakijaa, mkizi na dagaa wanaingia nayo hadi kwenye mizizi kujificha na kula. Maji yakianza kutoka, hawana ujanja, lazima watoke kupitia mlango uleule. Na wakubwa wanalijua hilo. Kolekole, mzia na kelea wanapanga foleni nje kama bodaboda mbele ya ukumbi wa harusi. Sasa piga hesabu: siku ya bamvua maji yanaanza kutoka kama saa kumi na moja jioni, jua linazama saa kumi na mbili na nusu. Yaani maji yanatoka, mwanga unafifia, na samaki wadogo wamechanganyikiwa, vyote kwa saa moja na nusu hiyo. Ukikosa hapo, subiri alfajiri.

Jani la mkoko likapita likielekea baharini. Jamaa akarusha rapala ya rangi ya fedha ng'ambo ya mkondo, akaiacha maji yaibebe kidogo ndipo akavuta. Mara ya nne fimbo ikakunjika. Rili ililia, na yeye akalia nayo, maana hakuwa anajua hata kile kirungu cha kulegeza uzi kiko upande gani. Dakika kumi na kitu za kukimbia ndani ya tope, kandambili zote zikabaki humo. Kolekole, kilo nne na robo. Mnadani kwenye diko akauzwa elfu thelathini. Elfu ishirini na tano ikaenda Mbagala usiku uleule kwa simu. Jibu likarudi neno moja: "Imefika." Kwa walioachana, hilo ni neno refu.

Hii ilikuwa Januari, kaskazi imeshika, na kaskazi ni msimu mtamu kwa mtu wa rapala. Maji yanakuwa meupe, unaona mchanga chini, samaki anawinda kwa macho. Rangi ya fedha, ya bluu, nyembamba, ivute haraka, isipate muda wa kukaguliwa. Maana maji meupe yana ubaya wake: samaki naye anakuona. Uzi mnene anaukimbia. Jamaa akajifunza kurusha kutoka mbali, kusimama jua likiwa usoni ili kivuli chake kisiangukie maji, na kutovaa ile tisheti ya njano mnayoijua.

Halafu mzia. Huyo samaki ana meno ya msumeno na hana adabu. Ndani ya wiki mbili alikata rapala tatu, kila moja imekwenda na elfu arobaini yake. Duka la karibu lenye kitu kama hicho halipo. Mjomba akamwonyesha dawa: waya wa breki ya baiskeli, unachambua nyuzi zake, unachukua moja, unaifunga kati ya uzi na kisamaki. Ila waya unaonekana kwenye maji meupe, kwa hiyo kolekole wakapungua. Uvuvi huu ndivyo ulivyo. Unachagua ni hasara gani unaweza kuivumilia.

Zilipobaki tano akaanza kutengeneza zake. Bahari inatema kandambili kila siku, za Bongo, za Mombasa, nyingine zina maandishi ya nchi ambazo hakuna anayezijua. Alikata soli kwa wembe, akachonga umbo la simsim, akapitisha waya katikati, akafunga ndoana mbili na kipande cha chubwi tumboni isigeuke mgongo. Ya kwanza ilielea kiubavu kama maiti. Ya sita ilicheza. Juu yake alibandika karatasi ya kung'aa ya biskuti, na hakuwa amewahi hata kusikia habari za yule mzee wa Finland.

Hadi mwisho wa Februari deni la Dar lilikuwa limepungua kwa laki nne. Sio hela ya kuringia, lakini ni ya kweli, ameipata kwa mikono yake akiwa na miguu ndani ya tope.

Kisha Machi ikaisha vibaya. Kaskazi ikafa, zikaja siku za upepo wa kuvizia usiojulikana unatoka wapi, mvua za masika zikaanza kushusha tope kutoka bara. Maji ya hori yakawa chai ya maziwa. Rapala ya fedha, ile iliyomlisha miezi mitatu, ikawa kama ameitupa kwenye ndoo. Siku tisa mfululizo hakupata kitu. Alirusha palepale, saa zilezile, jani lilelile likipita. Mjomba alimtazama siku hizo zote bila neno, tabia inayokera sana kwa wazee wa pwani, mpaka siku ya tisa.

"Wewe kwenye giza unamtafuta mtu kwa macho?"

Basi. Kwenye maji machafu samaki haoni mbali, lakini ana mstari wa vitundu unaopita ubavuni, na kwa huo anahisi maji yanapotikisika. Kwa hiyo fedha haina kazi. Unataka kitu kinene, cheusi, kinachoacha kivuli kwenye mwanga kidogo uliopo, kinachopiga kelele, na kinachokwenda polepole ili aliyesikia apate muda wa kufika. Jamaa akakata kandambili nyeusi, akaipasua tumbo, akatia kipande cha kalamu ya Bic chenye gololi tatu za baiskeli ndani, akaifunga. Ukiitikisa inalia chakacha-chakacha kama kayamba. Watoto wakaiita "konda".

Na hapo ndipo aliposhuka mgeni kutoka Dar.

Mgeni huyo mnamjua pia, ni yule prodyuza wa kofia. Alisikia tetesi, akaja na kamera na kijana wa kuishika, na mchongo mezani: klipu ya kurudi. Mchekeshaji aliyepotea, pwani ya mbali, fimbo, rapala, samaki mkubwa, machozi kidogo. Kuna mtu wa kulipa. Milioni mbili, nusu siku hiyohiyo. Deni lote linakwisha na mtoto anapata ada. Sharti moja tu, samaki awe mkubwa na aonekane anatoka majini na rapala mdomoni, ya dukani, yenye kung'aa, sio hilo likandambili.

Siku mbili wakarusha kwenye maji ya chai. Fedha, hakuna. Kusi ilikuwa inaanza kujipima, mawimbi yanapasuka kwenye mwamba, ngalawa zinarudi mapema. Usiku "konda" alileta kelea mmoja wa kilo moja, prodyuza akasema huyo ni mboga.

Asubuhi ya tatu prodyuza akawa ameshapata ufumbuzi. Kuna dau lilipita, halikuwa la Moa, na kijana mmoja ndani yake aliuza kolekole watatu wakubwa, wakubwa kweli, kwa bei ambayo ilitakiwa imshtue mtu. Mmoja akalazwa kwenye maji mafupi. Rapala ya fedha ikachomekwa mdomoni. Jamaa akaambiwa asimame pale, avute, apige kelele, kamera iko tayari.

Mjomba alikuwa anashona tanga pembeni. Akaja, akamwinua yule samaki kwa mkono wake mmoja, akamkandamiza tumbo kwa kidole gumba. Tumbo lilikuwa laini kama ndizi iliyopitiliza. Akamshika katikati, samaki akajikunja palipokuwa na mfupa. Samaki wa baruti ndivyo anavyokuwa: nje mzima, macho mazuri, ndani uti umevunjika na damu imejaa. Mjomba hakusema kitu. Alimrudisha majini taratibu, akaenda kuendelea na tanga lake, akishika kitambaa kwa kisigino na sindano kwa mkono.

Prodyuza hakuelewa kilichotokea. Alisema, "Twende kazi, mwanga unapotea."

Jamaa alichuchumaa, akachomoa rapala kwenye mdomo wa yule kolekole, na kwa sababu ndoana zilikuwa zimeshika vibaya ikamchukua muda, dakika mbili tatu za watu wazima kusimama bila la kusema. Akaiosha. Akamwambia prodyuza kuna bodaboda inayoondoka saa sita. Waligombana, na maneno mengine yaliyotoka ni ya kuvunja urafiki. Milioni mbili ikapanda bodaboda. Ndiyo maana klipu hamjaiona, na ndiyo maana zile tetesi za hivi karibuni kwamba jamaa "kawa na maringo" mnaweza kukisia zimetoka kwa nani.

Mnaotaka kusikia kwamba kesho yake alivua samaki wa kilo ishirini, poleni. Kesho yake mvua ilinyesha. Keshokutwa alipata kelea wawili na chewa mdogo ambaye alimrudisha. Deni bado lipo, milioni moja na laki kadhaa, na mwenye nyumba amekubali kulipwa kidogo kidogo baada ya kuapishwa mara tatu kwenye simu. Kusi sasa imeshika, nje ya mwamba hakuendeki kwa chombo kidogo, kwa hiyo anavua ndani ya hori tu, alfajiri na magharibi, na "konda" za gololi. Ametengeneza kumi na mbili. Vijana wawili wa Moa wamezinunua, elfu tatu tatu, na mmoja amemkopa.

Rapala za dukani zimebaki mbili. Ile ya fedha ameitundika kwenye msumari mpaka kaskazi irudi.

Juzi mjomba aliichukua fimbo bila kuomba, akabana kitako chake kwapani upande wa kushoto, akazungusha rili kwa mkono wa kulia, akairudisha mahali pake. Jioni, katikati ya mazungumzo ya bei ya mafuta ya taa, akauliza fimbo kama hiyo Tanga mjini inauzwaje. Hakusema anamuulizia nani.